Barafu Yenye Jina la Bosse

Siku mliyoniaga kwa keki na kahawa, Bahati aliniuliza mbele ya karakana nzima ni friji gani iliyonitesa kuliko zote katika miaka yangu ya kazi. Nikajibu kwa mzaha kwamba ni ile ya mke wangu, watu wakacheka, tukakata keki. Lakini niliporudi nyumbani Fisksätra swali lile lilikataa kunitoka. Kilichonitesa hakikuwa friji. Kilikuwa boksi jeupe la kubebea barafu, jepesi, lenye mfuniko, na kwa sababu yake nusura watu wawili tufe ndani ya boti mchana kweupe. Sijawahi kumsimulia mtu habari hizi. Mke wangu mwenyewe anajua nusu tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe Bahati na wewe Neema ndio ninaowakusudia, na Kiswahili ndicho tulichokuwa tukiteta nacho nyuma ya mashine wakati wakubwa hawasikii. Neema, wewe usiruke kurasa kama unavyoruka maelekezo ya kiwandani. Soma mpaka mwisho, na usome kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Mama yangu alikuwa na friji moja kuukuu iliyonguruma usiku kucha, akigandisha maji katika vifuko vya plastiki na kuwauzia wanawake wa samaki. Kwa hiyo nilijua tangu mdogo kwamba barafu nyeupe huisha upesi na ile angavu hudumu, ingawa sikujua kwa nini. Vita vikatutoa, nikapitia Kigoma, nikafika huku Sweden nikiwa mtu mzima mwenye mke, mtoto mchanga, na cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyekuwa na haja ya kukisoma. Nikasoma upya. Hayo ya masomo nayaacha, yananichosha hata mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Lennart. Alikuwa fundi mkuu, mrefu, mwembamba, masikio mekundu kiangazi na kipupwe, na maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Tulikwenda Skärholmen, kwenye duka la samaki ambalo chumba chake cha baridi kilikuwa hakishiki baridi. Tulibadilisha feni, tukasafisha koili, tukamaliza. Mlango ulikuwa wazi, mwenye duka amesimama pembeni yangu, chumba kitupu tunakiona sote. Lennart akaugonga ule mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akangoja, ndipo akaufunga. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Utagonga kila mlango," aliniambia. "Hata ukiwa na hakika."

Mchana niliwauliza mafundi wengine, wakasema Lennart ana mambo yake, mwache. Basi nikagonga. Nimegonga milango ya baridi ya mahoteli, ya viwanda vya nyama, ya jikoni za shule, na ninyi mkaniita Mzee Hodi. Nilijua mnaniita hivyo. Jina zuri, sina ugomvi nalo.

Kuhusu vifaa, Lennart alinifundisha kutumia geji ya presha kama kila mtu, kisha akanifundisha kutoiamini. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa na mpini wake sikioni, akafumba macho. Alisema mashine husema ugonjwa wake kabla geji haijausoma. Nakumbuka kazi moja ya Kista, ukumbi wa kompyuta uliopozwa mchana na usiku, na wale vijana wa ofisini walikuwa wanakataa kuingia kwa kuwa eti kuna mtu anahema ukutani. Tuliingia. Ni kweli, alikuwa anahema. Anavuta, anakaa kidogo, anatoa. Lennart akaweka bisibisi ukutani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akafungua njia ya hewa na kutoa mfuko wa plastiki wa dukani uliokuwa umenasa humo. Akaukunja vizuri akautia mfukoni, maana mifuko huku watu huitunza.

Mwaka wangu wa pili ndipo aliponialika kuvua. Alikuwa na boti ya mbao yenye kabini ndogo mbele: vitanda viwili, mlango mmoja, kidirisha kimoja cha hewa. Ni hiyo hiyo mliyo nayo sasa. Tulikuwa tunakwenda visiwani kutafuta aborre, yule samaki mwenye mistari na mgongo wa miiba, na Lennart alikuwa na sheria moja: kila mtu aje na barafu aliyoigandisha mwenyewe kwa maji ya nyumbani kwake. Asiye na barafu yake angevua, angekula, lakini asingebeba samaki hata mmoja kwenda nao nyumbani. Nilimwambia barafu inauzwa kila kituo cha mafuta. Akasema hiyo ni ya kutia kwenye soda.

Namna yake ndiyo hii, nanyi iandikeni mahali. Chukua pakiti za maziwa, zile ndefu za karatasi, uzisuuze vizuri. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, maana hewa iliyomo majini ndiyo inayoifanya barafu iwe nyeupe na kuvunjika ovyo. Jaza nusu tu. Zungushia taulo ubavuni na uache juu wazi, igande taratibu kutoka juu kwenda chini. Ikishika, weka juu yake kikaratasi kigumu chenye jina lako na siku uliyotia maji, kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hutoka. Kisha ongeza maji, lakini usifike mdomoni, maji yakiganda hutanuka na pakiti itapasuka. Siku tatu. Tofali moja kama hilo huishi kuliko mfuko mzima wa vipande vidogo. Siku moja kabla ya safari, tia tofali moja ndani ya boksi tupu ili boksi lenyewe lipoe. Samaki akishatoka majini mtoe damu, umlaze kwenye barafu na maji kidogo ya bahari, na boksi litaloa na kutiririsha maji sakafuni mpaka ulichukie. Hayo maji ndiyo dalili kwamba mambo ni sawa. Wakati huo sikujua kwamba Lennart alikuwa anayatafuta kwa macho kila safari.

Mke wangu Spesioza hakulielewa jambo hili hata siku moja. Friza yetu ilikuwa ndogo, na alikuwa akiifungua na kunung'unika kwamba wenzake wana waume wanaoweka nyama, yeye ana mume anayeweka maji. Tena barafu ile ilikuwa na sauti. Ukikaa jikoni mchana nyumba ikiwa tulivu, utasikia inaalika ndani ya friza, tak, kisha kimya, kisha tak. Binti yetu Aline akiwa mdogo aliniambia kwa Kisweden kwamba kuna mtu mle anataka kutoka. Nilimweleza habari ya maji kutanuka. Alinisikiliza kwa adabu, na kuanzia hapo akawa hafungui friza peke yake.

Sasa nije kwa Bosse. Kila safari ya mwezi wa sita, Lennart alikuja na tofali moja la ziada, limefungwa gazeti. Tulipopita kisiwa kimoja cha mawe matupu, penye boya jekundu la njia ya boti, alikuwa akizima injini. Anachana pakiti, analishusha tofali majini kwa mikono miwili, polepole, na pale ndani ya barafu unakiona kikaratasi: BOSSE, kwa herufi kubwa. Kisha anagonga ubavu wa boti mara tatu, anatega sikio, anawasha injini. Sikuuliza. Kwetu mtu akiwa na marehemu wake humchungulii, na nilielewa kwamba huyo ni marehemu. Niliyaona tu matofali yale yakienda zake, na mara nyingine yakienda kinyume cha upepo. Fundi ndani yangu akasema barafu karibu yote hukaa chini ya maji, kwa hiyo hufuata mkondo, siyo upepo. Hiyo ni kweli, mnaweza kuijaribu.

Mwaka ule wa tukio, Aline alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Ijumaa niliporudi nyumbani niliikuta friza imejaa nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya muhogo na sambusa mia na zaidi, na pakiti zangu saba zimesimama ndani ya sinki, zimekuwa maji, vikaratasi vyenye jina langu vinaelea. Spesioza aliniuliza kama nataka wageni wale barafu. Sherehe ilikuwa ya mtoto wetu. Na safari ilikuwa kesho yake asubuhi, nami nilikuwa nimeahidi samaki kwa ajili ya Jumapili hiyo hiyo.

Siku hiyo tulikuwa tumetengeneza majokofu ya ghala moja la dawa, na dawa zilihifadhiwa kwa barafu kavu wakati mashine zimezimwa. Ninyi mnaijua, lakini nieleze kwa ajili ya watakaosoma begani kwenu. Wasweden wanaiita torris. Siyo maji. Ni ile hewa tunayoitoa puani, imegandishwa mpaka ikawa jiwe jeupe lenye baridi ya kuunguza vidole. Haiyeyuki, hurudi kuwa hewa, na haiachi hata tone. Boksi moja lilibaki, nikaambiwa nikalimwage nje, na lilikuwa bado ndani ya gari. Sikulimwaga. Nililichukua garini, nikanunua mfuko wa vipande vya barafu kwenye kituo cha mafuta, nikavimimina juu yake ili mtu akifunua aone barafu ya kawaida. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Pale gatini Lennart alikuwa amekwisha kaa, na mbwa wake Ludde yuko miguuni pake. Ludde alikuwa mbwa mfupi, mzee, mwenye kelele nyingi, na alinipenda kwa kuwa mimi ndiye niliyempa ngozi za samaki. Lennart akaniuliza swali alilokuwa akiniuliza kila safari.

"Umegandisha mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu.

Tukaenda. Penye boya jekundu akazima injini, akamshusha Bosse wake majini, akagonga mara tatu, akasikiliza, tukaendelea. Tulizunguka kwenda upande wa pili wa kisiwa, tukavua zaidi ya saa moja, tukapata aborre sita. Niliwalaza mimi mwenyewe kwenye boksi, mgongo wangu ukiwa katikati yake na Lennart asije akachungulia. Halafu mvua ikaja na upepo wake. Tukatia nanga nyuma ya mwamba, tukaingia kabini, tukafunga mlango, tukafunga na kidirisha. Lile boksi nililisukuma chini kabisa ya kitanda changu, mbali na mkono wake. Ludde akajilaza sakafuni mbele yake. Lennart alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Alinyoosha miguu, na kabla sijamaliza kumimina chai alikuwa amelala.

Tulikuwa na mshumaa ndani ya chupa ya jamu wa kufukuza unyevu, na tuliuweka sakafuni usipinduke. Ulizimika. Hapakuwa na upepo mle ndani hata wa kutikisa unywele. Niliinama na kiberiti, njiti ikawaka vizuri mkononi mwangu, na nilipoishusha karibu na sakafu ikazimika yenyewe, kana kwamba nimeichovya majini. Nikawasha nyingine. Ikafika pale pale, ikafa. Nilifanya hivyo mara tatu, na kila mara moto ulikufa penye kimo kile kile, sawasawa na mgongo wa Ludde. Mimi fundi wa baridi, niliyefundishwa kufungua madirisha ya gari kila ninapobeba torris, nilisema moyoni kwamba mishumaa ya siku hizi ni mibovu. Kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma, moyo unakimbia, nikadhani ni wasiwasi wa uongo wangu. Nikalala.

Kugonga ndiko kulikoniamsha. Kulitoka nje, kwenye ubao uliokuwa karibu na sikio langu, chini ya usawa wa maji. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Nilijibu "Karibu," kama mtu aliye nyumbani kwake, na nadhani nilijibu kwa sauti. Kukagongwa tena. Nilifikiri ni Spesioza, kisha ni mama yangu ananiita nikatoe barafu, na nikawa namwambia mama ngoja kidogo, nalala kidogo tu. Ndipo likanijia wazo moja safi kabisa: namna hii ya kugonga ni ya Lennart. Nikafungua macho. Lennart alikuwa amelala mbele yangu, mdomo wazi, midomo ya buluu, mikono yake miwili juu ya kifua.

Hofu niliyoipata ndiyo iliyoniinua. Magoti yalikataa, nikajivuta kwa mikono, na kichwa kilipofika juu karibu na dari nikapata pumzi, maana hewa ya torris ni nzito, hujaza chumba kuanzia sakafuni. Nikausukuma mlango. Hewa ya mvua iliniingia puani, nikashuka tena, nikamshika Lennart kwa kola ya koti na kumburuta nje kama gunia, nikimwita jina, nikimpiga mashavu. Alikohoa. Akatapika. Akakohoa tena. Nilimwita Ludde, na Ludde hakuinua kichwa.

Nami nikiwa nimepiga magoti pale sitahani, nikasikia tena chini ya mkono wangu. Nikachungulia. Tofali la barafu lilikuwa linagonga ubavu wa boti, pale pale kilipo kitanda changu. Kikaratasi ndani yake kinasomeka: BOSSE. Tulikuwa tumeliacha upande wa pili wa kisiwa, zaidi ya saa mbili zilizopita. Habari ya mkondo kulizungusha naikubali, mikondo ya visiwani hugeuka. Lakini barafu ya ukubwa ule katika maji yale ingekuwa imebaki ngumi ya mtoto. Ile ilikuwa na pembe zake zote, kali, kama imetoka kwenye pakiti sasa hivi. Mtaniambia kichwa changu kilikuwa kimejaa hewa mbaya. Nami najiambia hivyo hivyo. Nilimgeukia Lennart aliyekuwa anajaribu kukaa, na nilipotazama tena majini palikuwa na matone ya mvua tu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitia aibu kuliko yote. Kabla Lennart hajapata akili sawasawa, niliingia kabini nikiwa nimebana pumzi, nikalivuta lile boksi jeupe, nikalitupa baharini na samaki wote sita. Lilipinduka. Moshi mzito mweupe ukatambaa juu ya maji, ukashikamana na boti, hautaki kuondoka, na mimi nausukuma kwa kasia kama mwendawazimu. Kisha nikamwambia Lennart kwamba jiko la gesi limevuja.

Lennart hakulitazama hata hilo jiko. Alitambaa mpaka mlangoni, akasubiri, akaingia, akambeba Ludde mikononi na kumlaza sitahani kwenye mvua. Halafu akarudi. Nilimwona akipiga magoti mbele ya kitanda changu, akipitisha kiganja juu ya mbao pale boksi lilipokuwa, huku na huku, mpaka kwenye kona. Akakitazama kiganja chake.

"Hakuna maji," alisema.

Akanigeukia.

"Boksi la Bosse nalo halikuacha maji."

Hapo ndipo aliponisimulia, akiwa amekaa mlangoni, mbwa amefunikwa koti. Bosse alikuwa fundi mwenzake na rafiki yake. Kiangazi kimoja walibakiwa na torris kazini, na Lennart ndiye aliyesema waichukue iwatunzie samaki, kwa nini kuhangaika kugandisha maji. Mvua ilinyesha penye boya jekundu. Bosse akaingia kabini kulala, penye boksi lile, Lennart akabaki nje na ndoano zake. Aliona mvua inamwingilia mwenzake, akamfungia mlango. Alivua kwa muda mrefu, samaki walikuwa wengi siku hiyo.

"Nilimfungia mlango," aliniambia. "Sikugonga."

Nikamwambia yote: friza, sambusa, lile neno moja la gatini. Nililia, tena bila kujizuia. Kisha nikamwambia kwamba kuna kitu kilinigongea. Aliniuliza kiligonga mara ngapi. Nilipomwambia mara tatu, Lennart aliyekuwa hana maneno aliziba uso kwa mikono yake na kulia kwa sauti, na mimi sikujua niweke wapi macho.

Tulimzika Ludde kwenye kile kisiwa, chini ya mawe, maana udongo haupo. Jumapili nilikaa kanisani na kichwa kinachopasuka, na Spesioza akawaambia wageni kwamba samaki siku hizi wamekuwa wajanja. Jumatatu kazini Lennart alisema mbwa alikuwa mzee. Hakunishitaki kwa mkubwa yeyote, wala hakunirudishia neno. Tuliendelea kuvua pamoja. Ila hakuniuliza tena kama nimegandisha mwenyewe. Kila safari alifunua boksi langu, akaingiza mkono mpaka chini, akautoa umelowa, akaupangusa kwenye suruali. Hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi.

Lennart alifariki kitandani kwake, uzee tu, majira ya kuchipua. Mjane wake aliniita anipe funguo za boti, akaniambia pia nitoe takataka zetu za uvuvi kwenye friza yake. Nilikuta pakiti mbili. Moja ilikuwa ya Bosse, tayari kwa mwezi wa sita. Ya pili ilikuwa na jina la LENNART, kwa mwandiko wake mwenyewe. Tarehe iliyokuwa chini yake, ya siku aliyotia maji, ilikuwa majuma matatu kabla hajaugua. Nilizichukua zote mbili ndani ya mfuko, nikapanda treni ya Saltsjöbanan nimezipakata, zinaalika mapajani mwangu, tak, tak, na mama mmoja akahama kiti. Tangu hapo kila mwaka nashusha matofali mawili penye boya, nagonga, nasikiliza. Huondoka pamoja. Sijasikia kitu, na nashukuru.

Sasa nifike mnapopajua. Nilipostaafu niliwaachia boti ninyi wawili, na maelezo ya injini nikawapa. Ya barafu sikuwapa, kwa sababu nisingeweza kuyatoa bila kutoa na haya. Jumatatu nilikwenda gatini kuchukua ndoano yangu niliyoisahau. Mlango wa kabini ulikuwa umefungwa, niligonga, nikafungua. Chini ya kitanda changu kulikuwa na boksi jeupe lenye mfuniko. Nilipiga magoti. Nilipitisha kiganja juu ya mbao, huku na huku, mpaka kwenye kona.

Nilikupigia simu, Neema. Ulisema "lugn, Mzee Deo", nitulie, torris inafanya kazi vizuri sana, inakaa siku mbili na hailowanishi chochote. Ukaniambia Jumamosi unakwenda na mumeo na mwanao Amani, na kwamba mtoto mchana mnamlaza sakafuni kwenye godoro lake dogo, kwa kuwa vitanda ni vyembamba. Nilisema tu kwamba siipendi ile barafu, ukacheka, nikakata simu. Baada ya miaka yote hii aibu bado ilinifunga mdomo, na safari hii ingemuua mtoto wa watu. Ndiyo maana nimekaa mezani tangu jana naandika.

Spesioza alinikuta, akasoma begani kwangu, akasoma mpaka pale penye sambusa zake. Alitoa nyama yote kwenye friza, akaipika, jikoni kwetu kuna sufuria nne sasa hivi na majirani wamealikwa. Kwa hiyo nina nafasi. Pakiti tisa zinaganda kwa ajili yako, na vikaratasi vyake vina jina lako kwa sababu hizo ni za samaki. Pembeni kuna zile mbili za kila mwaka.

Na kuna moja ndogo nyuma yao, ambayo siikumbuki kuwa niliijaza. Imeganda nusu, imefika mahali pa kuwekewa jina. Nimeikatia kikaratasi, kiko hapa mbele yangu na penseli, na sijaandika kitu. Njoo Ijumaa, Neema, ugonge mara tatu, uniletee lile boksi jeupe, uchukue kikaratasi hiki kikiwa bado kitupu.